Tela Lililoacha Kuyumba

Jumanne, tarehe kumi na nne Agosti. Kulikucha na manyunyu mepesi, na wingu zito lilikuwa limeketi juu ya paa la kituo cha polisi kama kifuniko juu ya chungu. Uani, tela lililoungua lilikuwa limefunikwa turubai. Maji yaliyopita juu yake yalitoka meusi, yakafuata mfereji mpaka langoni.

Langoni alisimama mzee mmoja mwenye koti la kijivu. Alikuwa hapo tangu mlinzi wa asubuhi alipofungua. Alikataa kiti, akakataa na chai.

"Ndiye baba wa marehemu," Koplo alimwambia Inspekta aliyekuwa akishuka garini. "Anasema haketi mpaka aone muuaji wa binti yake akipandishwa gari la mahakama."

"Ameshamjua muuaji?"

"Afande, mji mzima umeshamjua. Tumebaki sisi tu."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimwendea mzee, akamwamkia kwa heshima, akampa pole. Mzee aliitikia bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye turubai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Fundi Miwani alikuwa mtu wa safari. Alipima watu macho na kuwauzia miwani katika miji midogo isiyo na mtaalamu wa macho. Gari lake lilivuta tela la kulala, kijumba cha bati laini chenye kitanda, jiko la gesi, friji na kabati, na ndani ya kijumba hicho ndimo alimoishi na mkewe. Dereva alikuwa mdogo wake, kijana ambaye kila mtu alimwita Usukani kwa kuwa tangu utoto hakutaka kazi nyingine. Jumapili mchana, katikati ya barabara ndefu isiyo na kituo cha mafuta, tela lilishika moto likiwa katika mwendo. Mke wa Fundi Miwani alikuwa ndani, amelala. Hakutoka.

Safari kama ile haifanywi bila petroli ya akiba, na akiba hiyo ilitakiwa ikae nje, kwenye keria ya chuma nyuma ya tela. Ilikutwa ndani. Aliyeipakia ni Usukani. Mfukoni mwake kulikuwa na kiberiti cha gesi, shati lake lilinuka petroli, na usiku wa kuamkia safari wapangaji wa nyumba ya wageni walimsikia akigombana na kaka yake. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Saa nane mchana Usukani angepandishwa mahakamani kwa mauaji, kosa ambalo hukumu yake ni kitanzi.

Inspekta alisimama mbele ya turubai. Midomo yake ilicheza kidogo bila sauti, akimwombea marehemu. Koplo alivua kofia akangoja, alikuwa amezoea. Kisha wakalifunua tela.

Mbele palikuwa pameliwa kabisa. Bati lilikuwa limelainika na kuanguka kama nta. Nyuma, kinyume chake, rangi ilibabuka tu, na keria ilisimama mahali pake. Mikanda miwili ya turubai ilikuwa imefungwa juu yake, imekazwa barabara, lakini haikushika kitu.

"Koplo, mwizi wa dumu huufanyaje mkanda?"

"Huukata. Au huuacha unaning'inia, ana haraka zake."

"Na mtu anayetaka kuchoma nyumba?"

"Huyo hana hata habari na mkanda."

"Huyu aliufungua, akatoa madumu, kisha akaufunga tena usije ukapigapiga njiani." Inspekta aligusa kifungio. "Huyu alikuwa na nia ya kufika salama."

Waliingia kwa upande wa mbele, wakikanyaga taratibu. Chini ya mabaki ya kitanda kulikuwa na jerikani la chuma. Mfuniko wake ulikuwa umebanwa mpaka mwisho, ila mshono wa ubavuni ulikuwa umepasuka kwa kusukumwa kutoka ndani. Kando yake sakafuni paliganda utando wa plastiki ya manjano, mabaki ya dumu la pili. Na mbele ya hayo yote, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mguu akafika, ilikuwapo friji. Inspekta alichuchumaa, akapangusa masizi kwenye kitufe chake cha chini. Kilikuwa kimegeuzwa upande wa kuwaka.

"Friji nayo inawaka moto?" Koplo aliuliza.

"Hii ya gesi ndiyo. Chini kabisa ina mwali mdogo, kama wa mshumaa. Huo ndio unaoleta baridi."

"Moto unaleta baridi?"

"Usiniulize zaidi. Nilisoma nikafaulu mtihani, nikasahau."

Koplo alicheka, akajikuta anatazama kitanda, akaacha kucheka.

"Mchomaji humwaga petroli," Inspekta alisema. "Jerikani hili halikufunguliwa. Lilipasuliwa na moto uliokwisha kuanza. Lililoanzisha ni lile la plastiki. Na mvuke wa petroli haupandi juu, Koplo. Hutambaa chini kama maji, unatafuta."

"Ukaupata mwali."

"Ukaupata."

Mkuu wa kituo alikuwa ametoka ofisini, amesimama chini ya upenu asilowe. "Inspekta, mbona unafukua kaburi la mtu aliyekwisha kuzikwa?"

"Bado hajazikwa, mkuu. Yuko mochwari."

"Mtuhumiwa ana kiberiti, ana petroli, ana ugomvi. Unataka na picha yake akichoma?"

"Nataka kujua nani alihamisha madumu."

"Una mpaka saa nane." Akarudi ndani.

Muuguzi alikuwa akimbadilishia Usukani bandeji walipoingia katika chumba cha mahojiano. Inspekta alimwomba asubiri kidogo kabla ya kufunga, akaishika mikono ya kijana kwa vidole viwili, akaigeuza. Viganja vyote viwili vilikuwa na alama moja iliyonyooka, nyekundu, kutoka upande hadi upande. Migongo ya mikono ilikuwa mizima. Nyusi zilikuwa nzima.

"Shikamoo, afande," Usukani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Uliungulia wapi?"

"Kwenye mlango."

"Ulishika nini?"

"Kile chuma cha kushikia. Kilikataa kufunguka. Nikavuta tena."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Petroli ikilipuka mkononi mwa mtu humchoma usoni na migongo ya mikono. Huyu aliungua kwa kushika, akashika tena." Akampa muuguzi ishara aendelee. "Madumu uliyafunga wapi?"

"Nyuma, kwenye keria. Nilivuta mkanda mpaka ukalia. Ndipo na shati likanilowa, nilipokuwa najaza."

"Yalikuwa ya namna gani?"

"Moja jerikani la chuma. La pili lile la mafuta ya kupikia."

"Petroli kwenye dumu la mafuta ya kupikia?"

"Kila mtu anafanya hivyo, afande. Unaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, unakaza, halivuji hata likilala."

"Halivuji likiwa na maji. Petroli huilamba nailoni mpaka ikalegea. Mlijaza kiasi gani?"

"Mpaka shingoni. Tulisema barabara ni ndefu."

"Asubuhi ya baridi. Halafu jua likatoka, petroli ikavimba, ikakosa pa kwenda."

Inspekta alitoa kiberiti cha gesi kwenye bahasha, akakiweka mezani.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Hiki cha nini?"

"Cha kuwashia friji. Dawa ya shemeji ya sukari haitakiwi kupata joto."

"Nani aliiwasha Jumapili?"

Usukani alitazama pembeni. "Mimi."

"Kwa hiki?"

"Ndiyo."

Inspekta alikichukua, akakibonyeza. Akakibonyeza tena. Akampa Koplo, naye akakihangaikia mpaka kidole kikamuuma. Hakikutoa hata cheche.

"Kilikufa lini?"

Usukani aliinamisha kichwa. "Siku nyingi. Nimekisahau tu mfukoni."

"Sasa ule ugomvi. Watu walikusikia ukisema unaacha kazi."

"Nilisema hivyo kwa ajili ya tela. Lilikuwa linayumba, afande. Likishika mwendo kidogo tu linatikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa, linalivuta na gari. Nikamwambia kaka, hili litatuua, au tulitengeneze au nashuka. Akasema natafuta kisingizio cha kumkimbia."

"Jumapili liliyumba?"

"Asubuhi yote. Shemeji alikuwa anashikilia kiti huku anamwomba Mungu."

"Liliacha lini?"

"Tulipotoka kwa Pancha, yule fundi wa matairi, pale tulipoweka upepo. Likatulia kama kondoo. Nikasema alha—" Alinyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Upepo peke yake hautulizi tela," Inspekta alisema. "Ni nini kilibadilika?"

"Sijui."

"Unajua. Hukujua Jumapili, lakini sasa unajua, na umekaa humu siku mbili unalijua."

Kijana alitazama bandeji zake. "Afande, baba yetu alifariki mimi nikiwa tumboni. Kaka ndiye aliyenipeleka shule. Ndiye aliyenifundisha hata kunawa uso. Andika mimi."

"Niandike nini?"

"Andika mimi, basi."

Inspekta aliinuka. "Siandiki nisichokijua. Kula, unywe dawa. Nitarudi kabla ya saa nane."

Njiani Koplo aliendesha huku akifikiri kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake. "Huenda marehemu mwenyewe ndiye aliyeyahamisha. Aliogopa yasiibwe. Akayaingiza ndani, wanaume hawana habari. Hapo kesi imekwisha, hakuna wa kumfunga."

"Ingekuwa rahisi kwetu," Inspekta alisema. "Marehemu hakanushi."

Kibanda cha Pancha kilikuwa kando ya barabara kuu, kimezungukwa na matairi yaliyopangwa mpaka kimo cha mtu. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba mwenye ovaroli lililokuwa la bluu zamani. Alilizunguka gari la polisi kabla hata ya kusalimiana nao.

"Hili tairi lina kipara kuliko mkuu wenu," alisema. "Mnakamata watu kwa hili?"

"Tunakamata wanaokimbia polepole," Koplo alijibu.

Inspekta alimweleza walichokuja kuuliza. Uso wa Pancha ulibadilika. "Lile la moto? Nililisikia. Masikini yule mama. Alikuwa hapa hapa, kwenye kiti cha mbele cha gari, amefumba macho. Hakushuka hata kunyoosha miguu. Alionekana mgonjwa."

Koplo alimtazama Inspekta, kisha akatazama pembeni. Nadharia yake iliishia hapo.

"Na yule dereva kijana?"

"Alikuwa bombani, pale upande wa pili. Alisugua kioo, akajaza maji ya rejeta. Kijana msafi. Nilibaki na yule mkubwa wake, mwenye miwani. Akaniuliza, fundi, kwa nini hili tela linatikisa mkia? Nikalizunguka. Nikamwambia, ukimpakia mnene nyuma ya baiskeli, mbele panakuwa pepesi, usukani unacheza. Uzito umeukalisha mkiani. Uutoe nyuma, uupeleke mbele, karibu na gari. Likiyumba tena njoo unitukane."

"Ukaona alichohamisha?"

"Sikuona. Nilikuwa na tairi la lori, linanisubiri na mwenye lori ananitukana. Nilipoinuka alikuwa ameshafunga mlango wa tela. Anajifuta mikono kwa kile kitambaa chake cha kufutia miwani, nikamtania, nikamwambia leo macho yatapona kweli. Hakucheka. Gari lao lilikuwa limeshuka kidogo nyuma, nikajua ameufuata ushauri, nikayaongeza upepo matairi ya nyuma. Kijana aliporudi wakaondoka." Alisita. "Kwani huo mzigo ulikuwa nini?"

Inspekta alimwambia.

Pancha alitafuta pa kukaa, akakalia tairi. Mikono yake ilining'inia katikati ya magoti. "Mimi nilisema mzigo, afande. Mungu ni shahidi yangu. Nilisema mzigo, sikusema kitu kingine."

"Ulisema kweli. Ushauri wako ulikuwa sahihi, na tela liliacha kuyumba."

"Basi mbona mtu amekufa?"

Inspekta alimwekea mkono begani. Walipoondoka alikuwa bado amekaa, na mteja mwenye baiskeli amesimama mbele yake hathubutu kusema.

Saa saba ilikuwa imeshapita walipokusanyika ofisini kwa Inspekta, chumba chembamba chenye dirisha moja na kabati lisilofungika. Mkuu wa kituo alikaa karibu na mlango, miguu yake ikionyesha kwamba hana muda. Mzee, baba wa marehemu, alikuwa amekubali kuingia, lakini kiti bado alikikataa. Koplo alimleta Usukani na pingu juu ya bandeji. Wa mwisho kuingia alikuwa Fundi Miwani.

Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake safi chini ya koti, ndevu hazijanyolewa tangu Jumapili. Alimsalimia mkwe wake kwa kuinama sana. Mdogo wake hakumtazama.

"Pole tena kwa msiba," Inspekta alisema. "Jumapili mlisimama kwa Pancha. Ulishuka?"

"Sikumbuki vizuri. Nadhani nilisinzia."

"Pancha anasema mliongea juu ya mkia wa tela."

"Labda. Kila mtu njiani ana ushauri wake."

"Alikwambia uhamishe uzito kutoka nyuma kwenda mbele. Uzito uliokuwa nyuma ni upi?"

"Dereva ndiye anayepakia. Mimi ni mtu wa macho."

Mzee alitikisa kichwa kuelekea kwa Usukani, kana kwamba neno hilo limemaliza kesi. Mkuu wa kituo alitazama saa ya ukutani. Usukani alikaa kidevu kifuani.

Fundi Miwani alivua miwani. Ilikuwa na ukungu. Alitoa leso ya kawaida kutoka mfuko wa suruali, akaanza kuifuta.

"Miaka yote hii unawaambia wateja wako wasifute kioo kwa leso," Inspekta alisema. "Kitambaa chako kiko wapi?"

Mkono ulisimama.

"Kimo mfukoni mwa koti," Inspekta aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Kona yake naiona hapa nilipo. Kiweke mezani."

Alikitoa. Kilikuwa kitambaa laini cha njano, kimekunjwa mara nyingi mpaka kikawa kidogo. Inspekta alikikunjua, akampa Mkuu wa kituo. Mkuu alikiinua karibu na pua. Alimpa mzee. Mzee alinusa, akakirudisha mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye koti.

"Hukukitumia tena," Inspekta alisema, "na hukuweza kukitupa."

Nje manyunyu yaligonga bati.

"Buti la gari lilikuwa limejaa," Fundi Miwani alisema hatimaye. Aliongea akiitazama meza. "Mashine ya kusaga vioo, masanduku ya fremu. Hapakuingia hata kikombe. Mke wangu alikuwa anaogopa ule myumbo. Aliniambia, baba, nikifa kwa hofu utanilipa. Ndipo fundi akasema peleka mbele. Mbele pana nini? Pana kitanda, na chini ya kitanda pana nafasi. Nikayatoa, nikayasukuma humo. Nikasema tukimaliza barabara mbaya nitayarudisha."

"Na friji?"

"Niliiwasha alfajiri kwa njiti zangu. Ilikuwa inawaka kila siku, afande. Hata sikuifikiria kama moto. Kwangu ilikuwa friji."

"Mkeo alikuwa garini mlipotoka kwa Pancha. Aliingiaje kwenye tela?"

"Mbele kidogo akasema kichwa kinamzunguka, anataka kulala. Nikamwambia mdogo wangu asimame. Nikamshika mkono, nikampandisha mwenyewe, nikamvua viatu. Nikamfunika."

"Juu ya petroli," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ukijua."

"Nikijua. Nilisema ni mwendo mfupi. Na tela lilikuwa limetulia. Alilala bila kuogopa kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari."

Mkuu wa kituo alikohoa. "Na huyu kijana? Siku mbili nzima nimemweka ndani, na wewe unakuja kumletea chakula."

"Walipomkamata nikasema nitasema kesho. Kesho ikafika." Alifumba macho. "Kila nilipofungua mdomo nilimwona huyu baba yake marehemu amesimama pale langoni."

"Umeniogopa mimi," mzee alisema, "ukaona heri mdogo wako anyongwe."

Fundi Miwani aliinamisha kichwa.

"Mkuu," Inspekta alisema, "hakuna mauaji hapa. Kuna uzembe uliosababisha kifo, na kuna mtu aliyewaficha polisi ukweli. Vyote viwili si vya huyu kijana."

Mkuu alimpa Koplo ishara. Pingu zilifunguliwa, Koplo akizitoa kwa uangalifu asiguse bandeji. Usukani alibaki ameinyoosha mikono mbele, kama hajui airudishe wapi.

Mzee alisogea hatua moja. Kwa mara ya kwanza siku ile aliketi, tena ilikuwa kama kuanguka. "Binti yangu alikuwa na pua," alisema. "Maziwa yakianza kuharibika jikoni, yeye alijua akiwa sebuleni. Tulikuwa tunamcheka. Nataka nijue jambo moja tu. Hakunusa?"



"Mzee," Usukani alisema haraka, "nakuomba. Usimuulize hilo."

"Wewe ulisikia?"

"Mimi nilikuwa kwenye usukani, injini inanguruma. Nakuomba tu, mzee wangu."

"Namuuliza mume wa mwanangu."

Inspekta alimtazama mzee, akamtazama mtu aliyeulizwa. Hakumsaidia yeyote. Koplo alikuwa amevua kofia.

Fundi Miwani alivaa miwani yake. Ilikuwa bado na ukungu. Akainuka, akamgeukia mdogo wake kwanza, akamtazama kwa muda, kisha akamgeukia mkwe wake, akapiga magoti kwenye saruji katikati ya chumba.

"Sema kwa sauti," mzee alimwambia. "Nimezeeka. Na hawa wote wasikie."

"Naahidi mbele yako, baba, na mbele ya mdogo wangu, na mbele ya hawa maafande, na Mungu ananisikia. Saa nane hii nitasimama mbele ya hakimu kabla jina lolote halijaitwa. Nitasema ni mimi niliyeyaingiza madumu, ni mimi niliyewasha friji, ni mimi niliyenyamaza. Na nitasema kwamba nilipokuwa namfunika aliniambia, baba, humu mnanuka petroli. Nikamwambia ni shati la Usukani, lala."